Kikombe cha Bega

Ijumaa, 7 Machi

Mke wangu kaniletea daftari hili la kurasa tisini na sita, lenye jedwali la kuzidisha mgongoni, akasema, "Andika humo. Masikio yangu yamejaa."

Haya basi. Mimi ndiye Fundi Mbingu. Naitwa hivyo kwa sababu kazi yangu iko juu ya vichwa vya watu: nafunga dari za jipsam. Nimefunga dari za benki, za hoteli, na za balozi mmoja aliyenipa mkono mbele ya walinzi wake, wakabaki kunitolea macho. Shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe iliniacha, tusiulizane. Dunia lakini nimeisoma.

Jana dunia imenisoma mimi.

Tulikuwa kwenye duka jipya la vitambaa, mimi juu ya jukwaa, mwenzangu Taratibu chini akinipandishia bodi. Hilo ndilo jina tulilompa kazini. Mtu huyu akipima mara tatu, hupima ya nne ili kuisalimia ile ya tatu. Nje mvua ya kwanza ya msimu inachapa bati. Nikawa nawasimulia wapaka rangi jinsi yule balozi alivyokuwa akitembea, na ili waelewe vizuri nikamwigiza: kidevu juu, hatua moja nyuma, hatua ya pili nyuma. Ya tatu haikukuta ubao.

Nimeanguka mita sita. Nimefikia bega la kulia, nyuma kabisa, kwenye pembe ya katoni za vigae. Sikupiga kelele. Nilishangaa tu. Nimelala chali natazama dari yangu mwenyewe, nikasema moyoni, loo, kumbe ile kona haijanyooka.

Hospitali tulimkuta dokta mdogo, msichana wa watu, macho mekundu kwa zamu. Akainua picha ya eksirei kwenye mwanga.

"Baba, kombe limevunjika."

"Kombe lipi tena, dokta? Timu yetu hata robo fainali haijafika!"

Chumba kizima kikaangua kicheko, hata mzee aliyefungwa mguu kwa vibao.

"Kombe la bega, baba. Huu mfupa mpana hapa nyuma, kama koleo. Huo usikutie hofu, mara nyingi unaunga wenyewe. Shida yako ni kikombe. Kikombe kimepasuka, na kimeachana."

"Aa, hicho ni cha bati, hakipasuki! Kimebonyea tu." Na kweli nilikuwa na kikombe changu cha chai pale juu, tukashuka pamoja. Watu wakacheka tena.

Dokta akatabasamu, akafungua mdomo aseme neno, mara akaitwa mlango wa pili mbiombio, majeruhi wa gari wameletwa. Muuguzi akanifunga mkono kwa kitambaa shingoni, akanichoma sindano ya maumivu, akanipa bahasha, nirudi Jumatatu. Vidole vizima, ndiyo maana naandika, daftari liko pajani chini ya kitambaa.

Kombe linaunga lenyewe. Sikushangaa. Mwili huu haujawahi kuhitaji fundi.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua. Nimelala nimekaa, kama kuku.

Jumapili, 9 Machi

Wageni tangu asubuhi. Jirani kinyozi kaingia bila hodi: "Fundi! Tumesikia umeleta kombe nyumbani!"

"Nimelileta, ila lina ufa."

Tumecheka mpaka bega likaniuma machozi yakanitoka, nikasema ni ya kucheka. Nikawasimulia nilivyoanguka mita nane.

"Juzi zilikuwa sita," mke wangu akasema kutoka jikoni.

"Maumivu yameongezeka, Mama Watoto, na mita nazo zipande!"

Taratibu hakuja. Yuko kazini peke yake, na kwa mwendo wake dari ile itakwisha wajukuu wangu wakiwa na wajukuu.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya kurudi hospitali. Mvua toka alfajiri, daraja la bondeni limefunikwa.

"Tupite njia ya juu," mke wangu akasema, mwavuli mkononi.

"Twende tukaambiwe nini? Linaunga lenyewe. Dokta kasema kwa mdomo wake."

Akaukunja mwavuli. Hatukwenda.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Hakuna la kusema, na mimi nikikosa la kusema ujue siku ni mbovu.

Ijumaa, 14 Machi

Ndani ya bega kuna kitu kinasema. Nikijigeuza kitandani: ko. Nikivaa shati: ko. Kama bodi iliyosahauliwa kukazwa. Nimemwambia mke wangu hiyo ndiyo sauti ya mfupa kuunga.

"Kuunga kunagonga?" akauliza.

Wanawake wana maswali.

Jumatatu, 17 Machi



Taratibu amekuja saa tisa, ameloa chepechepe, kavua viatu mlangoni, kavipanga sambamba, kavitazama kama viko sawa. "Shikamoo shemeji," kwa mke wangu, ingawa kamzidi umri. Ndiyo heshima yake. Akaketi. Akauliza hali. Nikamwaga zangu: kombe, fainali, kinyozi. Hakucheka. Yeye huwa hacheki hapohapo, hucheka kesho yake.

"Karatasi ya hospitali iko wapi?" akasema.

"Ya nini? Iko kwenye bahasha pale, juu ya redio."

Sasa, Taratibu ana ugonjwa wa kusoma. Husoma kila kitu, hata mfuko wa saruji, mpaka anwani ya kiwanda. Akatoa karatasi, akaifuata kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Chai ikapoa. Mimi naendelea na balozi.

"Hapa wameandika kikombe," akasema.

"Ndiyo, kile kikombe changu. Nilimchekesha dokta, naye akaandika. Mjanja yule binti."

"Wameandika: mvunjiko wa kombe la bega, umeingia ndani ya kikombe cha kiungo. Vipande vimeachana. Aonwe na daktari bingwa Jumatatu tarehe kumi, kwa uamuzi wa upasuaji." Akainua macho. "Kaka, daktari gani anaandika habari za chai kwenye karatasi ya serikali?"

Mke wangu alikuwa ameshika birika. Akaliweka chini polepole, kama linaweza kulia.

"Soma tena," nikasema.

Akasoma tena. Kwa mwendo wake. Kila neno likaja kama tone la maji kwenye ndoo tupu. Upasuaji. Tarehe kumi. Leo ni kumi na saba.

Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha. Naapa nilitafuta. Mimi, niliyekula meza moja na wapishi wa balozi, nimeambiwa ukweli katikati ya hadhara na nikaucheka, kwa sababu ya herufi mbili: ki. Kombe, kikombe. Nilidhani cha pili ni mtoto wa utani wa kwanza.

"Kesho saa kumi na mbili niko hapa," Taratibu akasema. "Tutapita njia ya juu."

Mke wangu hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Jumanne, 18 Machi

Daktari bingwa ni mtu mfupi, mikono minene kama ya seremala. Wamenipitisha kwenye ile mashine ya duara, ikatoa picha ambayo unauona mfupa kama umeshikwa mkononi, unaugeuza utakavyo. Nimeona mgongo wangu kwa nyuma. Mtu hapaswi kujiona hivyo.

"Hili pana ndilo kombe," akasema. "Limevunjika mara mbili, hilo lisingenishughulisha. Sasa tazama hapa pembeni. Hiki kibonde, kama kisosi, ndimo kichwa cha mfupa wa mkono kinamozunguka. Hicho ndicho kikombe. Nusu yake ya nyuma imeachana na mwenzake na imeshuka. Milimita saba."

"Saba!" Nimeruka kitini. "Daktari, mimi hata dari ya choo siachi milimita saba!"

"Basi unanielewa kuliko wagonjwa wengi. Ulianguka kutoka juu kiasi gani?"

"Mita n..."

"Tatu na nusu," Taratibu akasema. "Nilipima."

Alipima! Mimi nimelala pale naugulia, mtu katoa futi.

"Nisipopasuliwa?" nikauliza.

Akaushika mkono wangu mzima, akauinua mpaka usawa wa kifua. "Hapa. Pengine kidogo zaidi. Na kiungo kitasagika mwaka hadi mwaka. Kazi yako ni nini?"

Mke wangu akanyoosha kidole juu, kwenye dari ya chumba cha daktari.

Daktari akatazama juu. "Leo ni siku ya kumi na mbili. Zikipita wiki tatu mifupa inakuwa imeshikana ilivyokaa, vibaya. Itabidi niivunje upya, na hapo siahidi kitu. Kwa nini hukuja Jumatatu ile?"

"Nilidhani ni kikombe cha chai."

Huwa nikisema jambo kama hilo watu hushika mbavu. Daktari hakucheka. Mke wangu alitazama viatu vyake.

Nimelazwa.

Alhamisi, 20 Machi

Nilikuwa wa pili kwenye orodha. Basi limepinduka barabarani, utelezi. Nimefutwa. Siku ya kumi na nne.

Ijumaa, 21 Machi

Nimefutwa tena. Waliobaki wa basi. Nimemwona mmoja akipitishwa, mtoto wa watu, nikaona haya kunung'unika. Nimenung'unika moyoni. Siku ya kumi na tano.

Jumapili, 23 Machi

Jumamosi na Jumapili hawapasui ila wa dharura. Mvua inagonga dirisha la wodi. Siku ya kumi na saba. Ile ko-ko ya ndani ya bega imepungua. Zamani ningeshangilia. Sasa najua maana yake: panashikana, vibaya. Nimelala bila kutikisika, nausihi mfupa, subiri baba, usiunge, usiunge, kesho.

Daktari kapita jioni, hana zamu, kavaa ndara. Tumeongea kifundi. Nimemuuliza skrubu zake anazifunga wapi, maana nimeona kwenye picha katikati ya kombe ni kama hakuna kitu.

"Ni nyembamba mno," akasema. "Ukiishika kwenye mwanga, unaona mwanga upande wa pili. Skrubu haishiki."

"Kwa hiyo unafuata kingo, penye unene."

"Nafuata kingo."

"Kama bodi. Ukifunga katikati umetoboa karatasi ya bodi tu. Lazima ukute fremu."

Akanitazama kama mtu aliyekutana na mwanakijiji mwenzake ugenini. Akaniambia yote bila kupaka sukari: watanilaza ubavu, ataingia kwa nyuma, kuna mshipa wa fahamu mwembamba unapita pale, ukiguswa vibaya bega halipati amri. Nikamwambia, "Daktari, chukua muda wako. Pima hata mara nne."

Nimejisikia nikisema hivyo. Nikajua nani alikuwa anasema ndani yangu.

Jumanne, 25 Machi

Naandika kwa kushoto. Nimepasuliwa jana. Mkono wa kulia upo, nauona, siusikii.

Jumatano, 26 Machi

Vidole vimeamka. Ilikuwa ganzi tu, walinichoma shingoni ili nisisikie uchungu. Lakini jana nzima hakuna aliyeniambia, au waliniambia nikiwa bado nimelewa ile nusukaputi. Nimekaa siku nzima nauangalia mkono kama wa mtu mwingine aliyeusahau kitandani pangu. Sijawahi kuogopa vile. Sijalia vile tangu mama alipozikwa. Muuguzi akasema, "Baba, mbona kimya? Tulisikia wewe ndiye mchekeshaji." Nikageukia ukutani.

Mke wangu kanisimulia. Masaa manne na nusu mle ndani. Yeye kakaa kwenye benchi, Taratibu kasimama muda wote. Kaambiwa keti, kasema hapana, ahsante. Shati lake lote mgongoni lilikuwa jasho, na ukumbi ule una baridi.

"Alisema nini?" nikauliza.

"Alisema neno moja tu. Daktari alipotoka, akamuuliza: 'Imekaa?' Daktari akasema, 'Imekaa.' Basi akaenda zake kazini."

Nimeonyeshwa picha. Mabamba mawili, moja kwenye ukingo wa nje, jingine kwenye ule mwinuko wa juu wa kombe, na skrubu mbili zimepita chini ya kikombe kuvuta vipande vikutane. Jumla skrubu kumi na moja. Nimeukagua mstari wa kikombe kwa jicho la fundi, kwa chuki kabisa, nikitafuta kasoro. Hakuna. Nisingeweza kuupiga vizuri zaidi, na mimi sijawahi kusema sentensi hiyo juu ya kazi ya mtu.

Jumatano, 2 Aprili

Nyumbani. Mshono mrefu kama zipu ya begi. Mvua.

Jumatatu, 7 Aprili

Mazoezi. Mama wa mazoezi ya viungo, pale hospitali, nimembatiza Mama Uchungu. Nainama, mkono unaning'inia kama mkonga wa tembo, nauachia ucheze. "Usiuinue!" anasema. "Wiki sita usiuinue mwenyewe." Watoto nyumbani wananiiga, wote watatu wameinama sebuleni.

Jumamosi, 12 Aprili

Tembo.

Alhamisi, 17 Aprili

Tembo. Mvua. Tembo.

Jumapili, 20 Aprili

Kinyozi kaleta kundi la watu wapya wasikie kisa. Nimesema mita tatu na nusu. Wakaona maneno yangu hayana chumvi, wakaondoka mapema.

Jumatatu, 5 Mei

Wiki sita. Kitambaa kimevuliwa. Mama Uchungu kasema, "Haya baba, sasa wewe mwenyewe. Inua mkono."

Nikainua.

Haukwenda. Niseme tena, maana nisingeamini kama nisingekuwepo. Nimeuamuru mkono niliokaa nao miaka arobaini na minne, na haukwenda. Bega limepanda sikioni, mwili umepinda, mkono umening'inia palepale. Nilidhani bado kuna mtu kaushikilia, nikageuka kutazama.

"Ni misuli imelala," akasema. "Usitishike."

Nimetishika. Nimemwambia, "Mama, ule mshipa wa amri umekatika. Sema tu."

Akaniwekea vidole viwili juu ya mfupa, nyuma ya bega. "Jaribu tena, usiuinue, nia tu." Nikatia nia. "Huo hapo," akasema. "Umecheza. Amri imefika, mlinzi ndiye alikuwa amesinzia."

Huyu mama sitamwita tena jina lile.

Ijumaa, 23 Mei

Usawa wa kifua. Siku ya kwanza bila mvua.

Jumamosi, 7 Juni

Nimejichana nywele mwenyewe. Mke wangu kajifanya hakuona, kisha nikamsikia jikoni akiimba.

Jumatatu, 16 Juni

Wiki kumi na mbili. Daktari kaleta kile kipimo chake cha pembe, akakibana begani.

"Inua."

Nimeinua kwa nguvu zangu zote, meno nimeyauma. Umepita kifua, umepita uso. Umefika mahali ukakwama, kama droo iliyovimba kwa mvua.

"Digrii mia na ishirini na tano. Ni kazi nzuri sana. Mfupa umeunga safi, kikombe kiko laini."

"Na ile mia na themanini? Juu kabisa?"

Akakunja kipimo. "Itaongezeka kidogo hadi mwaka. Juu kabisa, usimwahidi mtu. Kovu la ndani lilishaanza kabla sijaingia. Ningekupata wiki ya kwanza..." Hakuimalizia. Muungwana yule.

Nimerudi kwa miguu. Njia nzima natazama juu: baraza za maduka, vibaraza vya ofisi, kila dari nikiipimia mkono wangu. Hazifikiki. Mke wangu kaniuliza daktari kasemaje, nikasema, "Kasema kazi nzuri sana." Si uongo. Lakini nimeshindwa kula.

Jumanne, 17 Juni

Nimempigia Taratibu. Nimemwambia yote: pembe, droo, usimwahidi mtu. Atafute mwenzake mwingine. Akakawia mpaka nikatazama simu kama imekatika.

"Kesho njoo," akasema.

"Nije kufanya nini? Kushika ngazi?"

"Njoo tu, kaka."

Kisha nimemwambia mke wangu. Alikuwa anajua. Anasema alijua tangu nilipoingia, kwa sababu niligonga hodi kwenye nyumba yangu mwenyewe.

Jumatano, 18 Juni

Kazi mpya ni ukumbi wa mikutano, dari ndefu. Nimefika, jukwaa limeshasimama. Nikasema kimoyomoyo, mzee huyu kakosea vipimo, leo dunia imekwisha. Limekwenda juu mno. Mbao ziko karibu na fremu kiasi kwamba mtu mzima hasimami vizuri, kichwa kinagusa. Pembeni kaweka vizuizi pande zote nne.

"Umekosea," nikamwambia.

"Panda."

Nimepanda, hatua kwa hatua, yeye nyuma yangu. Juu kulikuwa na viti viwili vifupi vya mbao. Akaketi kimoja. Nikaketi kingine. Dari ilikuwa hapa, mbele ya paji la uso wangu. Nikanyanyua mkono wa kulia na drili ndani yake, ukafika. Haukukwama popote. Haukuwa na haja ya kufika mia na ishirini na tano, sijui hata kama ulifika tisini.

Nimefunga skrubu ya kwanza. Ikaingia, ikazama sawasawa na uso wa bodi. Nimeitazama mpaka macho yakaona ukungu.

Miaka kumi na tisa. Miaka kumi na tisa nimesimama chini ya dari nimejinyoosha kama jogoo, ili walio chini wanione vizuri, mabega yananiwaka kila jioni, na jibu ni kunyanyua jukwaa na kuketi.

"Wewe," nikamwambia, "hili umelijua lini?"

"Zamani."

"Zamani lini?"

"Tulipofunga ile benki."

"Miaka tisa! Na kwa nini hukusema?"

Akafikiria. Akapima jibu lake, akalipima tena, nikamsubiri, kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikamsubiri.

"Ulikuwa hunyamazi, kaka."

Nikachukua skrubu tano, nikazibana midomoni kama tufanyavyo mafundi, ili hata nikitaka nisiweze, nikamwashiria kwa kichwa: haya, sema.

Akaanza kusema. Amesema mpaka saa kumi jioni.